Mchimbaji Mdogo wa Walungu



Wewe unayesoma gazeti hili labda uko Kamituga, au Nzibira, au Mukungwe, ama mahali pengine ambapo watu wanaamka asubuhi na kushika nyundo, burini na tochi. Kazi ya shimo unaijua. Unajua namna mtu anavyofuata mshipa wa jiwe ndani ya giza, kidogo kidogo, na uchafu anaouacha nyuma yake. Leo nataka tutembee pamoja mpaka Walungu, nikuonyeshe mchimbaji wa namna nyingine. Huyu hana nyundo, hana tochi, wala hana PDG wa kumlipa. Urefu wake haufiki sentimeta moja. Lakini nimeona shamba alilolimaliza kwa wiki chache, na nimeona nyumba moja ya Wakristo ikikaribia kuvunjika kwa sababu yake.

NJIA YA KUPANDA

Ukitoka Bukavu kwenda Walungu, unapanda. Ziwa linabaki nyuma, na baridi inakuja kukupokea. Barabara ni ileile inayoendelea mpaka Mwenga na Kamituga, kwa hiyo utakutana na makamyo yaliyojaa mifuko, na watu wamekaa juu ya mifuko. Wakati wa mvua ni matope, wakati wa jua ni vumbi jekundu. Kama mfuko wako ni mwepesi kama wa wachungaji wengi, utapanda moto na kushika kofia kwa mkono mmoja.

Utapita soko la Mugogo. Kama ni siku ya soko, moto haipiti upesi. Mama wa milimani wameshusha mihogo, maharagi, kabichi, viazi, sombe na lengalenga. Wengine wametembea na kitunga mgongoni tangu giza, kamba imekaza kipaji. Nakuomba usimpite mama wa namna hiyo bila kumsalimia.

Teritware ya Walungu ina sheferi mbili, Ngweshe na Kaziba. Kaziba ilijulikana tangu zamani kwa wafua chuma wake, na sisi Waprotestanti tunaijua kwa misheni ya Wanorvegi na hospitali yake. Ngweshe ni kubwa. Inaanza kule juu kwenye baridi na kushuka mpaka Kamanyola, katika bonde la Ruzizi, ambako jua linachoma. Ndani ya teritware moja una mlima wa kuvaa koti na bonde la kuvua shati. Kumbuka jambo hilo, maana mchimbaji wetu analijua vizuri sana.

TOMATI ZA BONDENI

Katikati ya milima ya Ngweshe kuna mabonde yenye maji. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, mlima ukikauka watu wanashuka kulima huko. Wanapanda kabichi, vitunguu, na hasa tomati, kwa sababu tomati inaleta franga upesi. Masomo ya msingi katika shule za serikali yalifanywa bure tangu 2019, lakini sekondari inalipwa. Kwa hiyo bonde la kiangazi ndilo linalipa shule ya mwezi wa tisa.

Kuna mama mmoja ninayemjua huko, mwimbaji wa kwaya. Bwana yake ni mchimbaji, anakaa mashimoni wiki nyingi na kurudi nyumbani akiwa na kitu, ama bila kitu. Kijana wao wa kwanza alikuwa na miaka 16. Mwaka huo shule ya kijana ilisimama juu ya tomati za mama.

Mwezi wa sita nilipita kuwatembelea. Mama hakunikaribisha kwenye kiti. Alinishika mkono, tukashuka mpaka bondeni.

«Pasta, angalia,» akasema. «Majani iko nachomwa na moto lakini moto siuone.»

Ni kweli. Majani yalikuwa na madoa meupe kama karatasi, mengine yamekuwa kahawia na kujikunja. Matunda mabichi yalikuwa na matundu madogo karibu na kikonyo, kama mtu ametoboa kwa sindano.

Mimi nilisoma shule ya Biblia, sikusoma kilimo. Lakini mchungaji akiulizwa huona haya kusema hajui. Nikasema, «Mama, hii inahitaji dawa.» Wamama wa kanisa wakachanga kidogo, nikaenda sokoni mwenyewe nikanunua chupa. Maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo mimi, muuzaji, na mama, sisi wote hatukuweza kusoma. Muuzaji akasema, «Weka kifuniko kimoja, ama viwili kama wadudu ni wengi.» Nikarudia maneno yake kwa mama, kana kwamba ni maneno yangu.

Msomaji wangu, kosa hilo ni langu. Nakuandikia ili lisiwe lako.

KIJANA NA POMPI

Kijana ndiye aliyebeba pompi. Alipiga dawa vifuniko viwili, wiki ile ile akarudia vitatu, bila kitambaa mdomoni, bila viatu, upepo ukimrudishia usoni. Siku ya tatu akaanza kuumwa kichwa, akatapika, mikono ikatetemeka. Mama akambeba pamoja na majirani mpaka kituo cha afya. Alikaa siku mbili huko. Mungu ni mwema, alipona.

Niliporudi mwezi wa nane shamba lilikuwa limekufa. Mashina yalisimama kama vijiti vya kuwashia moto. Baba alikuwa amerudi kutoka shimoni. Kijana alikaa kwenye kizingiti, hakuinuka upesi kunisalimia. Nilielewa.

«Pasta,» akasema, «mimi nitaenda na baba ku mashimo. Shimo inaua kwa udongo, lakini jioni mutu anaweza kuona kitu. Shamba imeniua bure.»

Mama akaangalia chini. Baba hakusema neno. Nami, ambaye nimehubiri mara nyingi juu ya subira, sikupata neno. Sheria ya nchi yetu inakataza mtoto chini ya miaka 18 kufanya kazi ya mgodi. Hilo nilijua. Lakini utamwambia nini kijana ambaye shule yake imekauka shambani, na wewe ndiye uliyeleta chupa?

JANI LIKIELEKEZWA KWA JUA

Kesho yake nilimtafuta agronomu mmoja anayetembelea wakulima wa pande hizo, nikamwomba ashuke nami. Huyu hakuanza na dawa. Alichuma jani lenye doa, akaliinua mbele ya jua, akatuita sote tusogee.

Ndani ya jani kulikuwa na njia! Ngozi ya juu ya jani ilikuwa nzima, ya chini nzima, lakini nyama ya katikati imeliwa, na mwanga ulipita kama katika dirisha. Ndani ya njia hiyo kiwavi kidogo cha rangi ya majani mabichi kilikuwa kinajisogeza, nyuma yake ameacha uchafu mweusi.

Baba akalichukua jani. Akaligeuza, akaangalia muda mrefu. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu nifike.

«Huyu ni mwenzangu,» akasema. «Amefungua galeri. Paa iko juu, sakafu iko chini, mavumbi anaacha nyuma.»

Wataalamu nao wanawaita wadudu wa namna hii wachimba-majani. Huyu wa tomati jina lake la kisayansi ni Tuta absoluta. Siku hizi wengine wanaandika Phthorimaea absoluta. Mama yake ni nondo mdogo wa rangi ya majivu mwenye madoa meusi, urefu wa milimeta 5 mpaka 7. Mchana anajificha chini ya majani. Anaruka jioni jua likizama, na alfajiri. Jike mmoja anaweza kutaga mayai mpaka 260, moja moja, mengi chini ya majani. Kiwavi akitoka kwenye yai anatoboa mara moja na kuingia ndani. Anakula majani, machipukizi, shina, mwisho tunda lenyewe. Akishiba anashuka, wengi wao udongoni, anajifunga, na kutoka akiwa nondo mpya.

Hapo ndipo nilielewa sababu ya chupa yangu kushindwa. Dawa nyingi zinabaki juu ya jani, na mdudu yuko ndani ya galeri yake kama mchimbaji ambaye mvua ya nje haimlowanishi. Tena, wale wachache ambao dawa haiwaui ndio wanaobaki kuzaa, na watoto wao wanazoea dawa hiyo. Kuongeza kifuniko cha pili na cha tatu hakumuumizi sana mdudu. Kunamuumiza anayebeba pompi, na anayekula tomati, na kunaua wadudu wadogo wazuri ambao Mungu amewaweka kuwala maadui hao.

ALIVYOSAFIRI

Kijana akauliza swali zuri: «Ametoka wapi? Wazee wetu hawakumujua.»

Jibu ni safari ndefu. Kwao ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu Meyrick alimwandika mara ya kwanza mwaka 1917, kutoka nondo waliokamatwa Peru. Miaka mingi alikaa bara lile. Mwaka 2006 akaonekana Hispania. Mwaka 2008 alikuwa amevuka bahari mpaka Moroko, Aljeria na Tunisia. Mwaka 2010 akafika Sudani, 2012 Ethiopia, 2014 Kenya na Tanzania, 2015 Uganda na Rwanda. Hakuruka njia yote hiyo kwa mabawa yake. Alipakiwa. Aliingia ndani ya makasha ya tomati, katika miche, katika vitunga vitupu vilivyorudishwa bila kuoshwa. Sisi watu ndio tumekuwa kamyo yake.

Ndugu zetu wa Tanzania walipomwona wakampa jina: Kantangaze, maana yake «kanitangaze», nenda ukatoe habari zangu. Ni jina la kuchekesha na kulia pamoja. Shamba lisilolindwa linaweza kupoteza karibu matunda yote, na mwenye shamba anabaki na kazi moja tu, kutangaza.

Sasa kumbuka yale niliyosema juu ya mlima na bonde. Mahali pa joto la digrii 27, mdudu huyu anatoka yai mpaka nondo kwa siku kama 24. Kwenye digrii 20 anahitaji siku kama 40. Kwenye digrii 14 ni siku kama 76. Kwa hiyo baridi ya Ngweshe inampunguzia mwendo, na joto la Kamanyola linamsukuma mbele. Lakini tomati za bondeni zinapanda kuuzwa Bukavu na milimani, na vitunga vinarudi. Tena mvua nyingi inamwangusha, jua la kiangazi linampendeza. Basi mama yetu alipanda tomati wakati uleule ambao adui alikuwa na nguvu.

Wala tomati si peke yake. Rafiki zake wengine ni viazi, mbilingani na mnavu. Na nondo wa jamaa nyingine wanachimba majani ya miti mingine: yuko wa kahawa, yuko wa machungwa. Hata mizabibu, mti unaotajwa sana katika Biblia, ina wachimba-majani wake wadogo. Mmoja wao alitoka Amerika ya Kaskazini, na miaka ya 1990 akakutwa katika mizabibu ya Italia. Usifikiri basi kwamba Mungu ameilaani Walungu peke yake. Wakulima wenye trakta na mashule makubwa wanaangalia majani yao mbele ya jua kama sisi.

TOCHI YA BABA

Agronomu alitupa masauri ambayo nayaandika hapa ili uyakate na kuyabandika ukutani:

Kwanza, anza na mche safi. Otesha mbegu mbali na tomati za zamani, funika kitalu kwa chandarua chenye matundu madogo sana.

Pili, tembea shambani kila siku mbili. Jani lenye galeri lichume. Tunda lenye tundu lichume pia. Usilitupe kando ya shamba! Lifunge ndani ya mfuko wa plastiki, uache juani siku kadhaa, ama ulizike chini sana.

Tatu, mavuno yakiisha ng'oa mashina yote. Msimu unaofuata usirudishe tomati pale pale, wala viazi, wala mbilingani. Weka maharagi, mahindi, ama kabichi, ili watakaotoka udongoni wakose chakula. Na ukubaliane na majirani, maana nondo haujui mpaka wa shamba.

Nne, kuna mitego yenye harufu ya jike ambayo inawavuta madume. Kama hamwezi kununua, beseni la maji yenye sabuni na taa juu yake, usiku, litawakamata wengine.

Tano, dawa ni ya mwisho. Nunua tu ile ambayo mtu mwenye ujuzi amekuonyesha na unaweza kusoma maandishi yake, ama kusomewa. Fuata kipimo. Funika mdomo, vaa viatu na nguo ya mikono mirefu. Usivune kabla siku zilizoandikwa hazijapita. Chupa tupu usitie mafuta wala maji ya kunywa, hata ukiiosha mara saba.

Aliposema juu ya taa, mama akasema, «Taa tutatoa wapi? Mafuta ni bei.» Tukanyamaza. Baba akaingia nyumbani, akatoka na tochi yake ya kichwani, ile anayoshukia nayo shimoni. Akaiweka mkononi mwa kijana.

«Usiku mimi niko hapa nalala,» akasema. «Tochi haina kazi. Mukamate naye huyo mchimbaji.»

Jioni ile tuliweka beseni bondeni, tochi imefungwa kwenye kijiti. Asubuhi kijana alitangulia kushuka kabla ya sisi wote. Alirudi na beseni kichwani ili tuone. Juu ya maji kulikuwa na vitu vidogo vya majivu. Akaanza kuvihesabu kwa sauti, akakosea, akaanza tena.

MPAKA LEO

Nisikudanganye, msomaji. Tomati za mwaka ule hazikufufuka. Shule ya mwezi wa tisa ililipwa kwa deni, na kwa mbuzi mmoja aliyeuzwa bila kupenda, na mimi nilitoa sehemu yangu kwa sababu ya ile chupa. Waling'oa mashina, wakapanda maharagi, kisha kabichi. Kiangazi kilichofuata walipanda mistari michache tu ya tomati, mahali pengine. Mdudu alikuja tena. Mama na watoto walichuma majani, na beseni likawa kazi ya kila jioni. Walivuna. Si nyingi kama zamani, lakini vitunga vilifika Mugogo, na mama alirudi na sabuni, chumvi na sehemu ya franga za masomo.

Kijana bado anasoma. Baba bado anashuka shimoni, na kila akirudi kijana anaangalia mkono wake kuona kama umebeba kitu. Vita hiyo haijaisha ndani yake. Namwombea, nawe umwombee.

Katika kitabu cha Yona, sura ya 4, tunasoma habari za mdudu mmoja aliyeukausha mti wa kivuli kwa usiku mmoja. Yona alikasirika kwa ajili ya mti wake, na Mungu akamwuliza juu ya watu wa mji mzima, na juu ya wanyama wao. Zamani nilihubiri fungu hilo juu ya hasira ya Yona peke yake. Tangu nilipoona jani la Walungu mbele ya jua, nasikia lile swali la Mungu. Mti umekauka, ndiyo. Lakini waliokaa chini ya mti je? Mimi nilikimbilia kuokoa tomati, nikasahau mapafu ya kijana.

Kijana unayesoma: usione haya kushika jembe, wala usimdharau baba yako anayeshika nyundo. Mzazi: ukileta chupa yoyote nyumbani, uliza kwanza nani ataibeba. Na wewe mchungaji mwenzangu, ukiulizwa jambo usilolijua, jifunze kusema, «Sijui, twende tumtafute anayejua.» Maneno hayo si mengi, lakini kwangu yalichelewa miezi miwili.

Ukipita Walungu wakati wa kiangazi, shuka bondeni jioni. Labda utaona mwanga mdogo juu ya beseni. Usifikiri ni mchawi. Ni watu wanaotafuta masomo ya watoto wao.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, nani anapiga dawa shambani, na anajikinga namna gani?
2. Chupa za dawa tunazitupa wapi?
3. Someni Yona sura ya 4. Ni kitu gani tunakilia kuliko watu?
4. Ni jambo gani tulilotenda kwa kuona haya kusema «sijui»? Tunaweza kulitengeneza namna gani?

Bwana awabariki, awalinde shimoni na shambani.